Kelele za nyuma kwenye MGB na Datsun 240Z: difu imekufa au imesingiziwa?

Gari la spoti la zamani likianza kulia upande wa nyuma, hukumu hutolewa kabla kesi haijasikilizwa: difu, yaani boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, imekufa. Fundi anasema hivyo, jirani anasema hivyo, na mwenye gari anaanza kusaka difu ya mtumba au kuulizia bei ya krauni na pinioni mpya, ile gia kubwa na ile ndogo zinazokutana ndani yake. Nimeona difu nzima ikifunguliwa, ikafungwa vibaya, na kelele ikabaki palepale kwa sababu chanzo kilikuwa tairi. Na difu ikishafunguliwa na mtu asiye na vipimo, mara nyingi hairudi kama ilivyokuwa. Kwa hiyo nataka tulinganishe washukiwa wenyewe, ili uchague wa kumkamata kabla hujachagua spana.

Nimechukua magari mawili kwa makusudi. MGB, iliyoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, ina ekseli nzima: boksi moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, difu katikati, na vyote vinapanda na kushuka pamoja juu ya springi za bapa. Datsun 240Z, iliyotoka Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, imejengwa kinyume chake. Difu yake imefungwa kwenye bodi na haipandi wala haishuki na magurudumu. Kila gurudumu linapata nguvu kupitia shafti yake yenye krosi mbili, yaani viungo vinavyoiruhusu kuzunguka ikiwa kwenye pembe. Kwetu Afrika Mashariki 240Z ina heshima yake, kwani ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Heshima hiyo huwafanya wanunuzi waamini kwamba sehemu ya nyuma ya gari hili haifi. Chuma chake kweli ni kigumu. Lakini kinachoshika chuma hicho ni mpira, na mpira huzeeka hata gari likiwa limefunikwa turubai.

Sauti ileile, basi, ina maana tofauti kwenye magari haya mawili.

Mguu wa mafuta ndio shahidi wa kwanza

Tafuta barabara iliyonyooka, yenye lami nzuri na isiyo na magari. Fika kilomita 80 kwa saa ukiwa gia ya nne. Kanyaga mafuta gari livute, usikilize. Achia kabisa, injini ilizuie gari, usikilize. Kisha shikilia mguu pale katikati ambapo injini haivuti wala haizuii. Mwisho kanyaga klachi, weka nyutro, uliache gari liende lenyewe. Mtu mwingine akiwa amekaa nyuma au pembeni yako, masikio yake yatafanya kazi nzuri kuliko yako, maana wewe una usukani wa kuangalia.

Meno ya krauni yana nyuso mbili. Uso mmoja unabeba mzigo gari likivuta, wa pili unabeba gari likijizuia. Ndiyo maana difu inayolia kwa sababu ya meno hubadilisha sauti papo hapo mguu unapobadilika. Mlio ukitokea wakati wa kuvuta na kunyamaza ukiachia, uso wa kuvutia umelika au pinioni haikai kwenye kina chake. Mlio ukizidi unapoachia mafuta, shuku beringi za pinioni: pinioni imepata nafasi ya kucheza mbele na nyuma. Mlio wa kwanza unaweza kuishi nao miaka. Wa pili usiufanyie mchezo, kwa sababu pinioni inayocheza huharibu meno ambayo bado yalikuwa mazima, na kazi ya beringi inageuka kuwa kazi ya difu yote.

Beringi ya gurudumu haijali mguu wako uko wapi. Inaunguruma ukivuta, inaunguruma ukiachia, inaunguruma hata ukiwa nyutro, na inapungua tu kadiri mwendo unavyopungua. Inachojali ni uzito. Barabara ikiwa pana na tupu, yumbisha gari taratibu. Ukikata kushoto, uzito unahamia magurudumu ya kulia. Mngurumo ukipanda hapo, mshukiwa ni beringi ya kulia. Kwenye 240Z jibu hili huwa safi. Kwenye MGB lichukue kwa tahadhari, kwani boksi la ekseli ni chuma kimoja kinachosafirisha sauti, na beringi ya kushoto inaweza kusikika kana kwamba iko upande wako.

Kuna sauti ya tatu ambayo watu huisahau: ile inayotokea wakati wa kukata kona tu. Gari likienda moja kwa moja, gia ndogo zilizo ndani ya krauni hazizungukiani kabisa. Zinaanza kazi gurudumu moja linapolazimika kukimbia kuliko lingine. Mkwaruzo unaokuja kwenye kona kali na kutoweka ukinyoosha usukani unatoka kwa gia hizo, na krauni na pinioni hazihusiki.

Tairi, kabla ya yote

Tairi lililolika kwa vipande hutoa mngurumo unaomdanganya hata fundi mzoefu, kwa sababu nalo halijali mguu. Lakini linajali barabara. Ukitoka kwenye lami laini ukaingia ya kokoto, sauti ya tairi inabadilika tabia; ya beringi inabaki vilevile, labda inafunikwa tu. Hamisha matairi ya nyuma yaende mbele, uendeshe tena. Kazi hii haina gharama yoyote, na ajabu ni kwamba hufanywa mwisho, baada ya hela kuisha.

Hesabu ndogo inayookoa hela kubwa

MGB ya kawaida ikiwa gia ya nne hukimbia kama kilomita 29 kwa saa kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Kwenye kilomita 80, basi, propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, inazunguka karibu mara 46 kwa sekunde. Uwiano wa difu ni 3.9, hivyo gurudumu linazunguka karibu mara 12 kwa sekunde. Pinioni ina meno 11 na krauni 43, kwa hiyo meno yanakutana takriban mara 510 kwa sekunde.

Tarakimu hizi tatu zinatenganisha washukiwa kuliko maelezo yoyote. Mdundo wa mara 12 kwa sekunde, unaokaribia kuhesabika, ni wa kitu kinachozunguka na gurudumu: tairi, rimu iliyopinda, dramu ya breki. Mtetemo wa mara 46 ni propela isiyosawazishwa, yenye uzito zaidi upande mmoja. Ukiwa mara mbili ya hapo, angalia krosi, kwa kuwa krosi iliyochakaa au iliyokaa kwenye pembe mbaya hutetemesha mara mbili kwa kila mzunguko. Na mlio wa 510 ni noti kamili, unaweza kuifuatisha kwa mluzi. Hiyo ndiyo difu. Simu yoyote yenye programu ya kupima masafa ya sauti itakuonyesha kilele chake, na ukishuka hadi kilomita 40 kilele hicho lazima kishuke hadi nusu.

Kisha rudia kilomita 80 ukiwa gia ya tatu. Injini sasa inazunguka haraka zaidi, lakini propela haijabadilika. Noti ikihama, acha difu kwa amani. Kelele inatoka kwenye giaboksi au injini.

Kabla hujatoa hukumu kwenye 240Z, angalia kwanza kama mazulia na matandiko ya nyuma yapo. Gari lile halina ukuta kati ya viti na sehemu ya mizigo, na difu iko chini ya sakafu hiyo. Ukiondoa zulia, mlio wa kawaida kabisa unakuwa kero. Kosa lingine linalofanana na hilo ni la watu wanaobadilisha mauntini ya mpira, yaani vishikio vya difu, wakaweka ya chuma au plastiki ngumu, halafu wanalalamika kuwa difu imeanza kulia. Ilikuwa inalia tangu zamani. Mpira ndio uliokuwa unaizuia isifike masikioni. Kwenye MGB mambo ni yaleyale ukiondoa vipande vya mpira vilivyo kati ya springi na ekseli.

Kugonga: hapa ndipo magari haya yanapoachana

Unaachia klachi, na nyuma kunasikika "ko". Unaachia mafuta, "ko" tena. Hii ndiyo kelele inayowatisha watu zaidi, ingawa mara nyingi ndiyo rahisi kuitibu.

Kwenye MGB anza na rimu. Gari likiwa na rimu za spoku, rimu inashikiliwa na meno madogo yaliyo kwenye habu. Meno hayo yakilika, rimu inateleza kidogo kwenye habu kila unapovuta na kila unapofunga breki. Inua gari, liweke kwenye stendi, mwambie mtu akanyage breki kwa nguvu, kisha jaribu kuzungusha gurudumu mbele na nyuma kwa mikono. Breki imeshika habu, kwa hiyo gurudumu halipaswi kusogea hata kidogo. Likisogea, umempata. Vua rimu uyaangalie meno ya habu kwa mwanga: mazima yana vichwa bapa, yaliyolika yamechongoka, ncha zikiwa kali za kukwaruza kidole. Badilisha habu na rimu pamoja. Rimu mpya kwenye habu iliyochongoka italiwa nayo.

Rimu zikiwa salama, mshukiwa wa pili ni washa nyembamba zilizo nyuma ya zile gia ndogo ndani ya difu. MGB zenye ekseli ya mfuniko wa nyuma zina washa za shaba nyuma ya gia zinazozunguka kwenye pini, na za nyuzi ngumu nyuma ya gia za pembeni. Za nyuzi huvunjika vipandevipande, gia zinapata nafasi, na kila mzigo unapogeuka upande zinagongana. Kipimo chake ni chaki: weka alama kwenye flanji ya propela na kwenye boksi la difu, zungusha propela kwa mkono huku na huku magurudumu yakiwa yamefungwa, uone inacheza kiasi gani kabla mzigo haujafika. Uwazi kati ya krauni na pinioni zenyewe ni sehemu ndogo ya milimita. Ukiona alama zinaachana kwa upana wa kidole, washa zimekwisha. Nikiri upendeleo wangu: hii ndiyo kazi niipendayo zaidi kwenye gari hili, maana washa ni bei ya chakula cha mchana na zinageuza gari zima. Kwenye ekseli yenye mfuniko wa nyuma zinabadilishwa ekseli ikiwa palepale chini ya gari: unachomoa shafti za pembeni, unatoa pini, unazungusha gia zitoke, unaweka washa mpya. Krauni haiguswi.

Usisahau vilivyo nje: nati za yubolti zinazoshika ekseli kwenye springi, bushi za springi, na viungo vya zile shokapu za mkono. Hivi hugonga kwenye mashimo, wakati washa na meno ya rimu hugonga mzigo unapogeuka. Ukijua lini, umeshajua wapi.

Kwenye 240Z usianze na rimu wala washa. Anza na mauntini ya mbele ya difu. Pua ya difu imekalia kipande cha mpira kilichogandishwa kwenye mabamba ya chuma. Ukivuta, pinioni inajaribu kupanda kwenye krauni na pua inainuka, ukiachia, inarudi. Mpira ukichanika kutoka kwenye bamba, hakuna kinachoizuia isipokuwa ule mkanda unaopita juu ya pua, na kugonga kwake kunasikika ndani kana kwamba mtu amepiga sakafu kwa nyundo. Tatizo ni kwamba gari likiwa limesimama, uzito wa difu unakalisha vipande viwili pamoja na ufa hauonekani. Weka jeki yenye kipande cha mbao chini ya pua, inua taratibu. Mpira mzima utaivuta bodi nao. Uliochanika utafunguka kama mdomo.

Baada ya hapo nenda kwenye bushi za ule mwamba wa nyuma unaoshika difu, kisha krosi za shafti za pembeni. Shafti za 240Z zina krosi kila mwisho na katikati zina sehemu inayorefuka na kufupika kwa golori. Golori hizo zikikauka grisi, shafti inakwama gari likibonyea kwa nyuma, halafu inaachia kwa mshindo. Wengi wanabadilisha krosi zote nne na mshindo unabaki kwa sababu hawakugusa sehemu hii. Magari ya mwanzo yana mzigo wa ziada: difu ilikaa mbele kidogo na shafti zikawa zimekaa kwenye pembe, hadi mwaka 1971 Nissan, watengenezaji wa Datsun, walipoirudisha nyuma milimita 35. Kama gari lako ni la mwanzo na linatetemeka mwendo wa barabara kuu, hilo liwe kichwani.

Krosi, iwe ya propela au ya shafti, ina dalili mbili ambazo sizioni kwa kitu kingine. Ya kwanza ni mlio mkavu wa kwi-kwi-kwi mwendo wa kutembea, hasa ukirudi nyuma karibu na ukuta. Ya pili ni vumbi jekundu la kutu kuzunguka vikombe vyake. Ukiliona vumbi hilo, hakuna haja ya kujadili.

Ukiinua gari

Magurudumu yote mawili ya nyuma yawe juu, gari likae kwenye stendi na si jeki, na ya mbele yazuiwe. Usiwashe gari ukaliweka gia gurudumu moja likiwa chini. Difu itapeleka mwendo wote kwenye lile lililo juu na gari linaweza kuruka kutoka kwenye stendi.

Kwa MGB, kusikiliza namna hii ni kuzuri: ekseli ikikaa juu ya stendi, kila kitu kiko kwenye pembe yake ya kawaida. Kwa 240Z ni mtego. Ukiinua bodi, magurudumu yananing'inia, shafti zinapinda kupita kiasi, na utasikia kelele ambazo barabarani hazipo. Weka stendi chini ya mikono ya chini ili magurudumu yarudi kwenye kimo chake, ndipo usikilize.

Zungusha kila gurudumu kwa mkono ukiwa umeshika springi kwa mkono wa pili. Beringi iliyochimbika utaihisi kwenye vidole kabla hujaisikia.

Oili inasema nini

Imwage ikiwa ya moto kidogo. Ekseli ya MGB yenye mfuniko wa nyuma inabeba lita 0.85 tu, na ile ya zamani lita 1.28, kiasi kidogo hivyo kikipungua robo, difu inalia. Ute wa kijivu kwenye sumaku au nati ya chini ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa na kukwaruza ni meno au beringi. Chembe za rangi ya dhahabu ni washa za shaba. Angalia pia tundu la kupumulia juu ya ekseli: likiziba kwa tope, joto linasukuma oili kupitia sili hadi kwenye breki, na unabaki na breki mbovu na difu kavu kwa kosa la tundu moja. Tumia oili ya difu yenye viungo vya shinikizo kali, 80W-90, kwa sababu meno ya aina hii yanasuguana kwa kuteleza na oili ya kawaida hubanwa ikatoka.

Na ukibadilisha sili ya pinioni, weka alama kwenye nati na uirudishe palepale. Ukiikaza kupita hapo unabana beringi za pinioni, na unajitengenezea mlio ambao haukuwepo.

Kutengeneza, kubadilisha, au kuacha

Krosi yenye vumbi jekundu na beringi ya gurudumu inayounguruma: usiendeshe tena hadi zibadilishwe. Pinioni inayocheza: wiki hizi. Mauntini iliyochanika ya 240Z: mapema, kabla haijaanza kupiga bodi. Washa za MGB zinaweza kungoja msimu mzima. Mlio wa difu ambao haujabadilika tangu ununue gari, oili safi na sumaku safi, mimi nauacha.

Difu ikithibitika kuwa imekufa kweli, uchaguzi unategemea ipi unayo. MGB za wazi, zisizo na paa gumu, za mwanzo zina ekseli isiyo na mfuniko nyuma, na difu yote inatoka kwa mbele ikiwa nzima baada ya kuchomoa shafti. Unaipeleka mezani au unaibadilisha na nyingine. GT, ile yenye paa gumu, ilikuja mwaka 1965 na ekseli ya Salisbury, ndiyo ile yenye mfuniko wa nyuma, na zile za wazi zikaifuata miaka miwili hivi baadaye. Hii ni imara na tulivu zaidi, lakini kuitoa difu yake kunahitaji kifaa maalumu cha kupanua boksi, na kupanga shimu zake, vile vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi za gia, ni kazi ya mwenye vipimo. Kwa Salisbury iliyokufa nachagua ekseli nzima ya mtumba kuliko difu iliyopangwa kwa kubahatisha. Hakikisha tu ni ya aina ya rimu zako, kwani ya rimu za spoku ni fupi kidogo kuliko ya bolti.

Kwa 240Z difu yote inashuka na kubadilishwa ikiwa imefungwa, na hapo gari hili linaishinda MGB. Ni R180, yaani krauni yake ina kipenyo cha milimita 180. Jamii hiyohiyo ya difu ilitumika kwenye Subaru Impreza WRX STI, na watu huifunga kwenye 240Z, ila shafti zake fupi za kutokea pembeni lazima zibadilishwe.

Popote unaponunua, krauni na pinioni ni pacha waliosagwa pamoja, usikubali kuuziwa mmoja. Kama difu ni ya kawaida, isiyo na kizuizi cha kuteleza, shika upande mmoja usizunguke, zungusha upande wa pili mara mbili kamili, na uhesabu mizunguko ya flanji ya pinioni: ikiwa karibu nne ni 3.9, ikiwa tatu na zaidi ya theluthi ni 3.36 iliyokuja na 240Z za Marekani. Unapozungusha, sikiliza kwa vidole. Pinioni ikigoma mahali pamoja katika kila mzunguko, irudishe kwa mwenyewe hata kama bei ni nzuri.